Kiota cha panya-buku

Kiota cha panya-buku ni mahali ambapo mgugunaji wa jenasi Cricetomys hulala, huweka akiba, huzaa na hulea watoto wake. Porini kiota huwa ndani ya shimo, katika mti wenye uwazi au katika kichuguu kilichoachwa na mchwa. Kizimbani mnyama hukijenga mwenyewe kwa nyasi, majani na karatasi anazopewa.

Panya-buku hupatikana katika sehemu kubwa ya Afrika kusini kwa Sahara. Nchini Tanzania huishi katika maeneo mengi, zikiwemo nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, yaani wilaya za Kasulu na Kibondo na maeneo jirani. Mjini Morogoro hufugwa na kufundishwa kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu.

Tabia ya kujenga kiota ina uhusiano wa moja kwa moja na usafi wa kizimba. Kizimba kisiposafishwa, mkojo huchafua hewa na mnyama huugua. Kikisafishwa kupita kiasi, mnyama hupoteza kiota, akiba na harufu yake kwa mara moja, na mama mwenye watoto wachanga anaweza kuwaua.

## Mnyama na jina lake

Panya-buku ni miongoni mwa wagugunaji wakubwa wa jamii ya panya duniani. Mtu mzima huwa na uzito wa kilo 1 hadi 1.5, na urefu wake pamoja na mkia hufika takriban sentimita 90. Mkia ni mweusi karibu na mwili na mweupe kuelekea ncha. Macho yake hayaoni vizuri, lakini pua na masikio yake ni makali sana. Hufanya shughuli zake usiku na hulala mchana. Hula vyakula vya aina nyingi: matunda, mbegu, mizizi, njugu, wadudu na konokono.

Jina la kisayansi Cricetomys limeundwa kwa neno la Kilatini cricetus, yaani hamsta, na neno la Kigiriki mys, yaani panya. Aliyepewa jina hilo anafanana na hamsta kwa jambo moja kubwa: vifuko vya mashavuni, ambavyo hutumika kubebea chakula na vifaa vya kiota. Hata hivyo wanyama hawa wawili si ndugu wa karibu. Hamsta wapo katika familia ya Cricetidae, na panya-buku wapo katika Nesomyidae, familia ya wagugunaji wa Afrika na Madagaska.

Kwa muda mrefu panya-buku wa Tanzania waliitwa Cricetomys gambianus. Siku hizi wataalamu wengi huwaita wale wa mashariki na kusini mwa Afrika, wakiwemo wanaofugwa Morogoro, Cricetomys ansorgei.

## Kiota porini

Panya-buku huishi peke yake, isipokuwa jike mwenye watoto. Anaweza kuchimba shimo lake mwenyewe, lakini mara nyingi hutumia uwazi uliokwisha kuwepo: kichuguu cha zamani, mizizi ya mti mkubwa, nyufa za miamba au shimo lililoachwa na mnyama mwingine.

Shimo huwa na milango zaidi ya mmoja na vyumba kadhaa. Chumba kimoja ni cha kulala, na ndimo kiota kilimo. Kingine ni ghala la chakula. Mnyama huenda haja mahali pengine, mbali na anapolala. Milango huweza kuzibwa kwa majani kutoka ndani wakati mwenyewe amelala.

Kiota chenyewe ni rundo la majani makavu na nyasi zilizopasuliwa vipande kwa meno. Panya-buku huvikusanya usiku, huvijaza katika vifuko vya mashavuni au huviuma kwa meno ya mbele, na kuvipeleka shimoni. Huko huvipanga kuzunguka mwili wake hadi rundo liwe na umbo la bakuli.

Kiota kina kazi nne:

* Kutunza joto. Watoto huzaliwa bila manyoya na hawawezi kujipasha joto wenyewe.
* Kukinga na joto kali. Panya-buku havumilii jua. Chini ya ardhi joto halibadilikibadiliki sana.
* Kuficha. Wanyama walao nyama, bundi na nyoka humwinda.
* Kuhifadhi harufu. Kiota hubeba harufu ya mwenyewe, na kwa harufu hiyo hukitambua kuwa ni chake.

## Akiba ya chakula

Panya-buku hali chakula chote pale anapokiona. Hujaza vifuko vya mashavuni, hurudi shimoni, humwaga alivyobeba na kutoka tena. Kwa njia hiyo hupunguza muda wa kukaa nje, mahali pa hatari, na hupata chakula cha siku ambazo hawezi kutoka.

Akiba hiyo inaweza kuwa na mbegu za mahindi, njugu, kokwa za matunda na vipande vya mihogo. Pamoja na chakula, panya-buku hubeba vitu visivyolika kama vifuniko vya chupa, sarafu na kalamu.

Kizimbani tabia hii haipotei hata kama chakula huletwa kila siku kwa saa ileile. Mfugaji akiona bakuli tupu asidhani kwamba chakula chote kimeliwa. Sehemu yake imo kiotani. Na akiitoa akiba yote kila anaposafisha, mnyama huongeza juhudi ya kukusanya na huwa mwepesi kumwuma anayeingiza mkono.

## Harufu kama alama ya nyumba

Kwa mnyama asiyeona vizuri, harufu hufanya kazi ambayo kwa binadamu hufanywa na sura ya nyumba na majina ya njia. Panya-buku husugua mashavu yake kwenye mawe, miti na kuta za kizimba. Pia huburuza sehemu ya nyuma ya mwili juu ya vitu ili kuacha alama. Alama hizo humwambia yeye mwenyewe kwamba yupo kwake, na huwaambia wengine kwamba mahali hapo pana mwenyewe.

Kizimba kilichosuguliwa chote kwa dawa yenye harufu kali ni mahali pageni kwa mnyama yuleyule aliyekuwemo asubuhi. Hatua yake ya kwanza ni kuweka alama upya, mara nyingi kwa mkojo. Kwa sababu hiyo kizimba kinachooshwa chote mara kwa mara kinaweza kunuka upesi kuliko kile kinachosafishwa kwa sehemu.

## Kiota ndani ya kizimba

Ufugaji wa panya-buku unaojulikana zaidi ulimwenguni upo Morogoro. Shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens mwaka 1997, lilihamishia kazi zake katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mwaka 2000. Panya waliozaliwa huko wametumika kutafuta mabomu katika nchi za Msumbiji, Angola na Kambodia, na tangu mwaka 2007 wengine wamekuwa wakinusa sampuli za makohozi nchini Tanzania. Maarufu kuliko wote ni Magawa, aliyezaliwa Morogoro mwaka 2013 na kufanya kazi Kambodia. Alipewa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020, akafa Januari 2022.

Katika ufugaji wa namna hiyo kila kizimba huwekewa matandiko ya maranda ya mbao, chungu cha udongo cha kulalia na kipande cha mti cha kugugunia. Chungu hushika nafasi ya shimo: ni cheusi ndani, kina mlango mmoja mwembamba, na udongo wake haupati joto upesi. Mti ni wa lazima kwa sababu meno ya mbele ya mgugunaji hayaachi kukua. Yasipopunguzwa kwa kuguguna, hurefuka hadi mnyama ashindwe kula.

Vifaa vinavyofaa kwa kiota ni:

* nyasi kavu zisizo na ukungu;
* majani makavu ya migomba, yaliyochanwa;
* maganda makavu ya mahindi, yaani majani yanayofunika gunzi;
* karatasi nyeupe isiyo na wino wala plastiki;
* maranda safi ya mbao isiyopakwa dawa.

Visivyofaa ni pamba, sufi na nyuzi za nguo. Nyuzi ndefu huzunguka miguu ya watoto na kuzuia damu, na zikimezwa huziba utumbo. Mbao zilizopakwa dawa ya mchwa, rangi au vanishi zina sumu. Vumbi laini la mbao huingia puani na kuleta mafua. Mbao zenye harufu kali ya utomvu pia huwasha njia ya hewa.

Vifaa huwekwa kizimbani bila kupangwa. Mnyama anayejengewa kiota na mfugaji mara nyingi hukibomoa na kukijenga tena, kwa kuwa kujenga ni haja yake ya kila siku.

## Uzazi na kusumbuliwa kwa kiota

Jike hubeba mimba kwa muda wa mwezi mmoja hivi na huzaa mtoto 1 hadi 5. Siku chache kabla ya kuzaa huongeza kasi ya ujenzi: hukusanya vifaa vingi zaidi, huviranda hadi viwe laini na huziba mlango wa kiota. Kwa mfugaji, hii ni dalili ya wazi kwamba usafi mkubwa umekwisha wakati wake na usifanywe tena mpaka watoto wakue.

Watoto huzaliwa wakiwa vipofu na bila manyoya. Katika siku za kwanza mama hubaki nao muda mrefu. Mfugaji akifunua kiota, akiwashika watoto kwa mikono yenye harufu ya sabuni au akibadilisha matandiko yote, mama anaweza kuwahamisha, kuwaacha au kuwaua. Tendo hilo huonekana la kikatili, lakini lina chanzo chake. Porini kiota kilichofunuliwa ni kiota kilichogunduliwa na adui, na mama asiye na pa kuwapeleka watoto hupoteza uzazi wote.

Mfano unaokumbukwa katika historia unahusu hamsta. Mwaka 1930 mtaalamu wa wanyama Israel Aharoni alitafuta hamsta wa dhahabu karibu na mji wa Aleppo nchini Syria. Vibarua walichimba shamba la ngano kwa kina kirefu hadi wakafikia kiota chenye mama na watoto wake. Wote walitiwa katika sanduku. Hapo mama alimwua mtoto wa kwanza aliyemsogelea, naye akaondolewa na kuuawa. Waliosalia walilelewa kwa mikono, na baadhi yao ndio mababu wa hamsta wengi sana wa dhahabu wanaofugwa leo majumbani na katika maabara.

## Usafi wa kizimba

Lengo la usafi ni kuondoa mkojo, kinyesi na chakula kilichooza, na kuacha sehemu ya kutosha ya kiota ili mnyama akitambue. Kazi hiyo ni rahisi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu panya-buku huchagua pembe moja kuwa choo na mara nyingi hawachafui mahali pa kulala.

Kila siku:

* kutoa matandiko yaliyolowa katika pembe ya choo;
* kutoa mabaki ya matunda na mboga, yakiwemo yaliyofichwa ukingoni mwa kiota;
* kuosha chombo cha maji na kuweka maji mapya.

Kila wiki:

* kubadilisha karibu nusu ya matandiko ya kizimba;
* kuosha sakafu ya pembe ya choo kwa maji na sabuni, kuisuuza na kuikausha;
* kukagua akiba: mbegu kavu huachwa kiasi, chenye ukungu hutolewa;
* kurudisha konzi moja au mbili za kiota cha zamani kilicho kikavu na kuongeza vifaa vipya pembeni.

Kila baada ya wiki kadhaa:

* kuosha kizimba chote, mnyama akiwa amewekwa katika chombo kingine pamoja na chungu chake;
* kuosha chungu siku nyingine, si siku moja na kizimba, ili kimojawapo kibaki na harufu yake.

Kazi hufaa kufanywa jioni, mnyama anapoanza kuamka. Kumwamsha mchana kwa kumfunua kiotani humfundisha kuogopa mkono.

Kipimo kizuri cha muda ni pua ya mfugaji. Bakteria huvunja urea iliyomo katika mkojo na kutoa gesi ya amonia. Gesi hiyo huwasha macho na mapafu ya mnyama, na kumwacha wazi kwa magonjwa ya njia ya hewa. Amonia ikinukia kwa mtu aliyesimama, mnyama anayelala sakafuni amekwisha kuivuta kwa muda mrefu.

Dawa ya klorini inaweza kutumika kwenye kizimba kitupu, ikiwa imechanganywa na maji mengi. Lazima mkojo uoshwe kwanza kwa sabuni na maji. Klorini ikikutana na amonia hutoa gesi yenye sumu ambayo humdhuru mnyama na mtu pia. Baada ya hapo kizimba husuuzwa na kuanikwa hadi harufu iishe kabisa.

Jike mwenye watoto wachanga hufuata utaratibu tofauti. Kwa wiki mbili za mwanzo au zaidi kiota hakiguswi. Hutolewa tu matandiko yaliyolowa yaliyo mbali na kiota, kwa utulivu, na vifaa vikavu huwekwa karibu ili mama avichukue mwenyewe.

## Wadudu wa kiotani

Katika manyoya ya panya-buku wa porini na katika kiota chake huishi mdudu wa pekee wa jenasi Hemimerus, katika oda ya Dermaptera. Hana mabawa wala macho, na huzaa watoto hai badala ya kutaga mayai. Hula vipande vya ngozi iliyokufa na kuvu, na hamwumi mwenyeji wake. Hapaswi kuchanganywa na viroboto, kupe na utitiri, ambao hunyonya damu au kuharibu ngozi, na ambao kuonekana kwao ni sababu ya kubadilisha matandiko na kumwita daktari wa mifugo.

## Afya ya watu

Mkojo wa panya unaweza kubeba bakteria wa leptospira, ambao huingia mwilini kupitia michubuko ya ngozi. Mwaka 2003 panya-buku walioingizwa Marekani kutoka Ghana kwa biashara ya wanyama wa kufugwa walikuwa miongoni mwa wagugunaji walioambukiza virusi vya mpox kwa mbwa-nyika wa Marekani waliowekwa pamoja nao, na kutoka kwa hao watu 47 walithibitika au kudhaniwa kuugua. Baada ya hapo Marekani ilipiga marufuku kuingiza wagugunaji wa Afrika.

Kwa hiyo anayesafisha kizimba huvaa glavu, hulowanisha kidogo matandiko machafu ili vumbi lisiruke, na hunawa mikono kwa sabuni. Vyombo vya kizimba haviosheki pamoja na vyombo vya jikoni. Matandiko yaliyotolewa huzikwa, huchomwa au hutiwa katika shimo la mboji lililo mbali na kisima.

## Kasulu na Kibondo

Nyanda za Kasulu na Kibondo ni nchi ya Waha, yenye vilima, mabonde na misitu ya miombo kuelekea mto Malagarasi. Wakulima wa huko hupanda mahindi, maharage, mihogo, njugu na migomba. Mvua hunyesha kuanzia Oktoba au Novemba hadi mwezi wa Mei, na kiangazi hufuata. Usiku wa Juni na Julai huwa wa baridi.

Mazingira hayo yana kila anachohitaji panya-buku: vichuguu vya kujificha, majani makavu ya migomba ya kutandika na mashamba ya kukusanyia akiba. Hapo ndipo mgongano na mkulima unapoanzia. Mahindi yaliyohifadhiwa sakafuni hubebwa usiku kidogokidogo, vifuko viwili kwa safari moja, na mwenye mali hugundua gunia limepungua bila kuona makombo.

Kuielewa tabia ya kiota husaidia kulinda mavuno. Panya-buku hapendi kukaa mbali na maficho. Kufyeka magugu na kuondoa marundo ya mabua karibu na ghala humnyima njia. Ghala lililoinuliwa juu ya nguzo zenye vikinga vya bati humzuia kupanda. Sumu ya panya ina hatari yake: anayeila hubeba nyingine mashavuni na kuiweka akibani, ambako huweza kufikiwa na wanyama wengine, na panya aliyekufa kwa sumu huliwa na paka, mbwa na bundi.

Utaratibu wa usafi ulioelezwa juu hufaa pia kwa wanyama wadogo wanaofugwa vijijini, kama sungura na simbilisi, kwa tofauti chache. Sungura jike hunyonyoa manyoya ya kifua chake na kuyatandika kiotani kabla ya kuzaa. Manyoya hayo hayatolewi wakati wa usafi. Simbilisi hawajengi kiota cha kuzalia, kwa kuwa watoto wao huzaliwa na manyoya na macho yaliyofunguka, lakini huhitaji nyasi kavu na mahali pa kujificha. Katika usiku wa baridi wa kiangazi matandiko ya wote huongezwa, na wakati wa masika hubadilishwa mara nyingi zaidi, kwa kuwa nyasi huota ukungu upesi.

## Sheria

Panya-buku ni mnyama wa porini. Kukamata na kufuga wanyamapori nchini Tanzania huongozwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na huhitaji kibali cha mamlaka husika. Kumtazama katika mazingira yake hakuhitaji kufunua kiota: njia zilizokanyagwa, maganda ya njugu mlangoni na majani yaliyoziba shimo asubuhi hutosha kumjulisha mtazamaji kwamba mwenyewe yumo na amelala.

## Tazama pia

* Hamsta
* Mgugunaji
* Panya
* Simbilisi
* Sungura
* Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine